Ile mustari moja tu

Kambale mujukuu wangu,

Hapa Butembo tuko bazima, na mbuzi ya mama yako imezaa. Lakini weye unanichokesha. Ulikuta kosa mu mustari moja ya programu ya kompyuta yenye kila mutu anaweza kutengeneza, ukabadilisha yote vile unapenda. Sasa benye kuchunga ile programu bamekatala kazi yako, unauliza juu ya nini banakuchukia.

Habakuchukii. Ujana wangu, nilikuta neno moja mbaya mu kaye, ile daftari ya nyimbo ya chorale, kwaya yetu ya kanisa ya Bungulu, nikaandika kaye muzima upya. Siku ya Mungu bamoja baliimba yangu, benye kuzoea baliimba ya zamani. Maître, mwalimu wa chorale, alinirudishia kaye, akachukua tu lile neno moja nilitengeneza.

Mpaka leo banaliimba, na hakuna mwenye anajua ni miye.

Donc tuma ile mustari moja tu.

Koko wako