Susu Hahesabu Watu

Soko la Kithyoko,
S.L.P. 37,
Machakos.
22 Agosti 2004

Mpendwa Shangazi Kavutha,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, moto moto kama uji wa mawele. Habari za Botswana? Baridi ya huko imepungua? Na wanafunzi wako wanakutii, au bado wanatetemeka ukiingia kwa kipindi cha hesabu? Sisi huku tu wazima. Baba amepona kile kikohozi, mama yuko shambani, na mbuzi wametushinda kwa utundu.

Shangazi, kaa chini kwanza. Umekaa? Nimeitwa chuo kikuu Nairobi! Nitasoma aktuaria, yaani hesabu za bima: kupima hatari kabla haijafika, ili watu wajue waweke akiba kiasi gani. Nilipofungua barua ya kuitwa pale sokoni, nilipiga nduru mpaka Isak, yule muuza mifugo, akaja mbio na bakora akidhani nimeumwa na nyoka.

Mwalimu Festus anasema waliosomea kazi hii nchini ni wachache mno. Ukimaliza unaweza kuingia kampuni ya bima, au benki, au kwenye hazina za pensheni, kuhakikisha mzee akistaafu hakuti chungu kitupu. Kuna mitihani mingine inayotoka Uingereza, migumu kama mawe ya Lukenya, na mtu huifanya miaka na miaka akiwa kazini. Mimi siogopi! Iko siku nitapima hata hatari ya mvua kutukosa, maana hakuna mtu wa huku kwetu Masinga asiyeijua hiyo. Wewe ndiwe uliyenifundisha kugawanya kwa punje za maharagwe, kwa hivyo nikishindwa nusu ya lawama ni yako.

Sasa nikueleze kioja, maana mdomo wangu uliniponza. Unamjua mama yako, nyanya yetu. Susu hahesabu watu wala mbuzi. Kwake, kuhesabu kilicho hai ni kukiitia mabaya. Wakati wa sensa ya mwaka wa tisini na tisa hukuwepo. Karani alimwuliza ana wajukuu wangapi, Susu akamjibu, "Wapo, Mungu ni mwema." Kisha akatuita kwa majina tujipange nje, karani ajihesabie mwenyewe na dhambi abebe yeye. Basi mimi, kwa furaha yangu, nikamweleza mbele ya wageni kwamba kwa masomo haya, nikipewa watu elfu moja wa umri fulani, nitaweza kukadiria wangapi watakufa kabla ya mwaka kwisha.

Heri ningenyamaza. Susu aliweka kikombe chini. "Mtoto wa nyumba hii haendi shule ya kuhesabu maiti," akasema, akaingia ndani. Baba alijaribu kumbembeleza, wapi! Nawe wajua kwetu hakuna anayekwenda mbali kabla Susu hajambariki. Baba akanitamkia wazi kwamba bila baraka ya mamake, chuo nikisahau. Nililia, Shangazi, nisikufiche.

Juma lililofuata jirani yetu Mzee Mwangangi akafariki. Susu bado ndiye kiongozi wa mwethya, kile kikundi cha akina mama cha kusaidiana, akanituma nikatoe mahindi ya msiba kwenye ghala lao. Unalikumbuka hilo ghala: kila nyumba hutia kidogo baada ya mavuno, na hayaguswi mpaka kuwe na matanga. Nilipokuwa nikifunga gunia nikamwuliza, "Susu, mlipotia haya mahindi, mlijua ni ya Mzee Mwangangi?"

Akaniangalia kwa ukali. "Nani angejua? Tunajua tu msiba haukosi."

"Basi hiyo ndiyo kazi naenda kusoma, Susu. Kujua ghala litiwe kiasi gani."

Akanisaidia kujitwika gunia. Tulikwenda matangani, akapika, akagawa chakula. Tuliporudi nikamsikia akimwambia mama, "Sasa huyu mtoto mbona hakusema ni kazi ya ghala?" Yaani kosa likawa langu! Asubuhi akanisimamisha mlangoni, akanitemea mate kifuani kama desturi, akanibariki kwa kuwataja wazee wetu wote waliotangulia. Sharti lake ni moja tu: hesabu zangu zisimguse mtu wa nyumba hii. Nimekubali mara moja. Tangu hapo hata chakula hakishuki kwa furaha.

Jambo moja lakini limenichoma. Alipomaliza kunibariki alinishika mkono akauliza polepole, "Hizo hesabu zako zinasemaje, nitamwona Kavutha tena?" Hesabu zangu zitawajua watu elfu kwa pamoja. Mtu mmoja hazimjui. Nikamwambia hilo ni la kukuuliza wewe. Akaitikia kwa kichwa. Halafu yeye, asiyehesabu hata kuku, akakunja vidole kimoja kimoja, akasema, "Ni miaka saba."

Njoo Disemba, Shangazi. Tafadhali.

Baba na mama wanakusalimu, na mdogo wangu Mutinda anauliza kama huko simba wanapita barabarani. Susu hakutuma salamu. Amesema zake anaziweka mpaka ufike.

Mungu akufunike kwa mkono wake na akulete salama.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye mno,
Ndanu