Kitabu Walichonirudishia

Tabora, Jumatano

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na nguruwe wamekuachia mihogo kidogo kule bondeni. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na haya siwezi kuyasema kwenye simu, maana kuta za chumba changu ni nyembamba na anayehusika yuko upande wa pili.

Ofisini tunaandika maelezo ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka kwetu pwani ikapita hapa kwenda Ujiji. Bosi aliazima kitabu kwa Mzee Nassor, muuza vitambaa ambaye babu zake walitoka Omani. Ni historia ya Waarabu, kazi ya kitaalamu, kinene kama tofali. Kinaanza na makabila ya jangwani na falme za Yemeni, kila ukurasa umejaa tanbihi, na sura ya mwisho ndiyo inayofika huku kwetu. Nilikabidhiwa mimi. Unajua bado niko kwenye majaribio ya kazi. Nilikuwa nalala nacho kitandani kama mtoto mchanga.

Jumamosi nilikipeleka Kwihara, nimwonyeshe mzee mmoja ramani ya vituo vya misafara. Nikakuta turubai limefungwa uani. Mzee mwenyewe ndiye aliyefariki. Nikaketi kwa adabu, kitabu magotini. Mara akanijia mama mmoja wa makamo, dada wa marehemu, macho mekundu kwa kulia.

"Huyu si yule karani Mzaramo? Mtani, umechelewa! Ulikuwa unacheza ngoma?"

Watu wakacheka. Akakinyakua kitabu.

"Babu yangu alibeba pembe la ndovu kutoka hapa mpaka kwenu, mkamlipa kaniki iliyotoboka. Leo unatuletea kitabu cha Waarabu? Hukipati mpaka ubebe maji ya msiba, kichwani, mpaka shingo iingie tumboni!"

Mama, niliona jalada likining'inia mikononi mwake, nikaona kazi yangu inakwenda. Nikasimama. "Hiki ni kitabu cha watu! Usipokirudisha naenda kuripoti."

Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele wakaacha. Yule mama akakifuta kitabu kwa upindo wa khanga yake, akanipa kwa mikono miwili.

"Samahani, mgeni," akasema. "Tulidhani ni mtu wetu."

Nilirudi mjini na kitabu salama, na tangu siku hiyo naogopa. Mama Doto mwenye nyumba wangu ni wa ukoo huohuo wa marehemu. Nilipougua malaria wakati wa mvua, ndiye aliyenipikia uji huku akipiga kelele uani: "Mzaramo, usinifie hapa! Sanda yenyewe itabidi niunge na gunia!" Sasa ananisalimia taratibu na kuniita Bwana Karani. Ananiuliza kama nimeamka salama.

Namkumbuka yule Msukuma muuza kuku alivyolala ndani ya kaburi la baba akakataa kutoka, nawe ukacheka huku machozi yanakutoka. Yeye na wenzake ndio waliolifukia. Nikifa huku, nani atalirukia kaburi langu? Watanizika kwa heshima, kama mzigo wa mtu mwingine.

Jana nilimsimulia Mzee Nassor, nikidhani atanisifu kwa kukilinda kitabu chake. Akaweka mkasi chini.

"Wamekurudishia? Bila matusi?"

"Waliomba samahani."

"Aa, Kondo! Mimi wananiita Mmanga muuza watu, nami nawaita wapagazi. Siku wakiniita Bwana Nassor, nafunga duka nahama."

Nikamwuliza kama naweza kukirudisha kitabu Kwihara. Akasema, "Kipeleke. Lakini usiwaombe wakichukue. Hilo haliombwi."

Jumamosi hii wanamaliza msiba. Nitakiweka mkekani mbele ya yule mama, nimwambie babu yake alikuwa mvivu, ndiyo maana akalipwa kaniki mbovu. Kisha nitageuka kama ninayetazama barabara. Bosi hajui. Wakikichukua, huenda kazi ikaniponyoka kabla sijamaliza kubeba hayo maji. Lakini kinachonitisha zaidi ni kugeuka na kukikuta palepale.

Nisalimie dada Mwajuma na wanawe, na mjomba Pazi, mwambie koti lake linanifaa asubuhi za baridi. Yule Msukuma muuza kuku akipita mlangoni, mwambie mtoto wa marehemu anaomba atukanwe, tena kwa sauti kubwa.

Niombee, mama, nigeuke nisikikute.

Mwanao,
Kondo