Maji Yakijaa

Alhamisi, Mbuchi

Makofi ya shangwe niliyopigiwa bado yananiuma. Nimewaambia wanakijiji mkutanoni kwamba mto haujabadilika: vipimo vya kabla ya kiwanda kule juu na vya baada yake, wastani uleule.

Baadaye Bi Mwanaidi, mwenyeji wangu, akaniuliza, "Mwanangu, mbona siku zote unapima maji yakijaa?"

Kwa sababu yakipwa boti inakwama matopeni. Sikumjibu hivyo.

"Yakijaa ni ya bahari hayo, yana chumvi. Sisi tunachota yakipwa, mto unaposhuka."

Miaka miwili nimepima maji asiyokunywa mtu! Na nimewaambia...

Akanipa kikombe cha maji ya mtoni. Nikasema nimefunga.

Sikuwa nimefunga. Magharibi akaniletea futari ya mihogo ya nazi, akaniombea Mungu aipokee saumu yangu.