Helmeti ya Danieli Iliyoombewa

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naamini uko salama hapo Singe na goti limepunguza kuuma. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Ujerumani inanikomesha. Barua hii naituma kwenye simu ya mama mdogo akusomee, maana ya posta itafika mbio za Danieli zimeshaisha.

Mama, jana nimeongea na Danieli nikabaki nimeshika kichwa. Jumapili anashindana mbio za baiskeli, na anasema atavaa helmeti ileile aliyoanguka nayo kwenye mteremko wa Bonga. Mpya niliyomtumia iko kabatini na sahani zako za wageni, nailoni haijatolewa! Eti wewe umekataa. Eti ya zamani uliipeleka kanisani siku ya shukrani, mchungaji akaiombea, kwa hiyo asipande baiskeli bila hiyo. Jamani, Mama.

Hata mimi namshukuru Mungu mdogo wangu yuko hai. Lakini kazi yangu huku ndiyo hiyo, kuvunja helmeti ili kuzipima. Tunakivalisha helmeti kichwa cha chuma, tunakiangusha juu ya bamba, na kipimo kilichomo ndani kinatuonyesha kichwa kimepigwa kwa ukali gani. Mara ya kwanza ile sponji ngumu ya ndani inabonyea, inalipokea pigo, namba inabaki chini. Ikishabonyea hairudi kama ilivyokuwa. Ukiangusha tena palepale, namba inapanda kama vile kichwa hakikuvaa kitu. Na kwa nje unaiona nzima, inang'aa.

Nilimweleza Danieli haya yote akanicheka. "Dada, wewe kazi yako kuvunja, Mama kazi yake kuombea. Nimsikilize nani?"

Nilikata simu kwa hasira. Nimechoka kubishana naye, na najua wewe ukisema neno moja anatii.

Usije ukasema Ulaya imenitoa imani. Mchungaji aiombee hiyo mpya hata kutwa nzima. Ya zamani ipasue kwa shoka kabla ya Jumapili. Usimgawie mtu, wala usiifanye chombo cha kuku, watoto wa jirani wataiokota waivae.

Msalimie baba, mwambie safari hii asimtetee Danieli. Na mama mdogo anayekusomea, nambusu, ila asiruke mstari hata mmoja.

Mama, ile helmeti ilishapigwa kwa niaba ya mwanao. Pigo la pili atalipokea mwenyewe.

Binti yako,
Neema