Picha ya Jumatatu

Alhamisi, Oktoba 2005

Na leo imeingia nyingine. Baba Zuhura na wenzake wamewekeana sharti huko Himalaya: kila siku picha moja, itumwe nyumbani. Nimeifungua kwenye kompyuta ya maktaba, hapa Stratford. Anacheka, amekumbatia mnyama mwenye manyoya kama zulia. Chini kaandika, "Umemtumia Mama?"

Mama yake alifariki Jumatatu. Alizikwa Tanga alasiri ileile. Mdogo wake, Hamza, alinipigia: "Shemeji, usimwambie. Msafiri hapewi msiba njiani. Mngoje afike." Ndivyo tulivyolelewa, nikakubali.

"Daddy's laughing!" Zuhura kasema, anagusa kioo kwa kidole. Nikamwambia ashushe mkono. Nilikuwa mkali bure.

Ndipo nikaona tarehe pembeni. Picha zote zinayo. Akirudi atazipanga, ataifikia ya Jumatatu, yeye anarusha theluji juu, na siku hiyohiyo huko Tanga mama yake anaingizwa kaburini. Halafu atanitazama mimi.

Nimemjibu, "Bado." Hilo angalau si uongo.

Ya Jumatatu nimeifuta. Lakini yeye anayo kwenye kamera.