Mikoko ya Jukwaani

Bofu, Likoni
Jumatatu, 7 Julai 2025

Kwa Shemeji yangu mpendwa, Bi Tima,

Pokea salamu zangu za heshima, nikitumaini kwamba wewe na wajukuu hamjambo, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu tulipoonana kwenye harusi ya Wardah. Mimi ni mzima, ila presha hupanda na kushuka ipendavyo yenyewe. Niwie radhi kwa kukuandikia. Nimekupigia simu tangu juzi nawe hupokei, na sikulaumu.

Nitakwenda moja kwa moja kwenye shida, ingawa adabu ingetaka nizunguke kidogo. Yule mtu uliyemkamata Jumamosi kwenye mikoko ya Mtongwe, akiwa na panga na mkokoteni uliojaa matawi, anaitwa Katana. Ni jirani yangu. Hakuwa akikata kuni wala boriti za kuuza. Shule ya msingi ya hapa kwetu inatayarisha mchezo wa nyimbo kwa tamasha la Jumamosi hii, na mada waliyopewa ni kulinda misitu ya mvua. Kwa kuwa nilifundisha kwaya ya kanisa miaka mingi, walimu waliniomba niwatungie nyimbo. Nikasema watoto wa Likoni hawajauona msitu wa mvua. Afadhali waimbe mikoko, ambayo wanaijua hata kwa harufu. Wakakubali.

Kisha kwenye mkutano wa wazazi nikasimama nikasema kwamba mikoko ya makaratasi haitamsadikisha jaji yeyote wa tamasha, yafaa tupate matawi halisi. Wazazi wakapiga makofi. Mwalimu mkuu, Bwana Nguma, akapiga makofi. Katana akanyoosha mkono akasema mkokoteni upo, ataleta yeye, maana bintiye Kafedha ndiye anayecheza Mkoko Mkuu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kasoro, Shemeji. Tulikuwa tukikata mikoko ili tuwafundishe watoto wasikate mikoko, na tulikuwa na furaha.

Leo asubuhi alifikishwa mahakamani. Hakimu hakuwapo, hivyo amerudishwa rumande hadi Alhamisi. Naomba kwa unyenyekevu umweleze afisa wa misitu kwamba mtu huyu alitumwa, na aliyemtuma ni mimi. Wewe uliye mwenyekiti wa kikundi cha kulinda mikoko watakusikiliza.

Nisamehe kwa usumbufu.

Shemeji yako,
Elkana


Mtongwe
Jumanne, 8 Julai

Shemeji Elkana,

Salaam nyingi. Sisi tu wazima, alhamdulillah, na goti ni lile lile. Hiyo presha iangalie, uwache chumvi.

Simu niliziona. Sikupokea makusudi, kwani nilikuwa na hasira na sikutaka kukuvunjia heshima. Luqman wa tuktuk kaniletea barua yako, na huyo huyo atakuletea yangu.

Sasa nisikize. Wajua alikata wapi? Alikata ule mstari wa ukingoni tuliopanda mimi na marehemu mkeo Achieng, matope yametufika mapajani, yeye akiimba nyimbo zenu za kanisa nami nikimwambia nyamaza, wawatisha kaa. Miche mingi ilichukuliwa na maji. Ile ndiyo iliyoshika. Ulipotaka matawi halisi, ulidhani yatoka duka gani?

Kila nimkamataye ana sababu nzuri. Mmoja boriti ni za nyumba ya mjane. Mwengine kuni ni za matanga. Wewe sasa ni mchezo wa watoto. Nikimwachia kila mwenye sababu nzuri, wallahi hautasalia mti, maana watu wabaya hapa ni wachache sana.

Na jambo jengine. Jana Bwana Nguma alikuja na kreti ya soda. Akaketi, akasifu nyumba, akasifu paka. Kisha akasema, "Mama, shule haihusiki. Yule bwana alijiendea mwenyewe."

Nikamuuliza, "Hata matawi hukuyataka?"

"Mimi nilitaka mchezo, mama."

"Na mchezo ulitaka nini?"

Akaangalia saa.

Sasa wewe wasema hivi, yeye asema vile, na mimi mkutanoni sikuwamo. Uongo sisemi kwa ajili ya mtu. Nikiulizwa nitasema nilichokiona: mtu, panga na matawi.

Shemejiyo,
Tima


Bofu, Likoni
Jumatano, 9 Julai

Shemeji Tima,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya ile ile uliyoniarifu. Mimi nimeamka, nashukuru Mungu.

Sikujua kwamba ni ule mstari. Niliyasoma maneno hayo nikiwa nimesimama, kisha nikaketi. Sina la kujitetea. Achieng alikuwa akirudi na matope hadi kiunoni, nami nikilalamikia sakafu.

Jana nilikwenda kwa Bwana Nguma. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba kesho twende mahakamani mimi na yeye tukaseme kweli. Akafunga mlango wa ofisi.

"Mzee, tukisema shule iliagiza, tunatolewa kwenye tamasha, na mimi nahamishwa. Watoto wamefanya mazoezi mwezi mzima."

"Na Katana?"

"Katana ni mtu mzima. Alijua panga ni panga."

"Ulipiga makofi, Mwalimu."

"Mzee wangu, mimi hupiga makofi katika kila mkutano."

Lakini si hilo lililoninyima usingizi. Katika nyimbo nilizotunga umo mmoja wa kumsuta mkata miti, nao nilijivunia kuliko yote:

Mkata mikoko huyo apita,
panga mkononi, haya hana;
mwanawe kesho atakula nini,
samaki wote wamehama?

Tangu Jumatatu watoto wanamwimbia Kafedha. Kwenye foleni ya uji, chooni, njiani. Wakifika kwenye "mwanawe" wote wanamnyooshea kidole, kwa kuwa ndivyo nilivyowafundisha jukwaani. Nilimwomba Bwana Nguma tuuondoe. Akanijibu kwamba andiko la mchezo limekwisha kuwasilishwa kwa majaji, halibadilishwi hata neno.

Nilimkuta mtoto nyuma ya tangi la maji. Akanipa shikamoo, kisha akauliza, "Babu, ule wimbo uliutunga wewe?"

Nikasema ndiyo.

"Ni mtamu. Ndiyo maana hawauachi."

Kesho nitakwenda mahakamani. Sikuombi tena useme lolote usilolijua. Nimekuarifu tu, ili usilisikie kwa watu.

Shemeji yako mwenye makosa,
Elkana


Ujumbe wa simu
Jumatano, 9 Julai

Shemeji, barua nimeisoma. Ukisimama pale useme ulituma, watakuweka ndani na hiyo presha, na Achieng ataniuliza mimi siku ya kiama. Mimi nilitaka miti. Sikutaka mzee rumande, wala kitoto kuimbiwa. Lakini kukuzuia usiseme kweli siwezi, mimi nani. Kula kwanza ndipo uvuke. Dawa uwe nazo mfukoni si nyumbani. Tima


Bofu, Likoni
Alhamisi, 10 Julai

Shemeji Tima,

Salamu baada ya salamu. Nimerudi nyumbani, kama unavyoona, na dawa nilizibeba kama ulivyoniagiza. Asante.

Katana alisomewa shtaka. Hakimu akamwuliza kama ni kweli, akasema ni kweli. Akamwuliza kama kuna aliyemtuma. Katana akageuka, akaniona nimeketi benchi la nyuma, akaniamkia kwa kichwa kama tunavyoamkiana kila siku mlangoni. Kisha akasema, "Nilijituma, mheshimiwa."

Nikasimama. Karani akaniambia niketi. Nikaketi, naomba radhi, kwa sababu nimelelewa kuketi nikiambiwa niketi. Kisha nikasimama tena. Askari mmoja akaja akanishika kiwiko kwa upole akaninong'oneza, "Mzee, haiendi hivyo. Kama una neno, njoo siku ya hukumu, na usije peke yako. Mmoja akisema huonekana amechanganyikiwa." Akanitoa nje.

Hukumu ni Jumatatu. Hakimu alisema kesi za mikoko zimezidi na safari hii atatoa funzo. Walipokuwa wakimpandisha garini nilimfikia Katana. Nikamwuliza kwa nini alisema vile.

"Mzee, mimi nitakimudu kifungo. Wewe utafia mle. Niangalilie Kafedha tu."

Nami hata hilo siwezi. Bwana Nguma amepata habari kwamba nilisimama, na amenitumia ujumbe nisikanyage shuleni hadi tamasha lipite. Mama yake Kafedha tangu alfajiri hadi jioni huwa yuko soko la Kongowea na mboga zake, na sasa ndiye anayelisha nyumba peke yake. Kwa hiyo Jumamosi mtoto huyu atasimama katikati ya jukwaa, wenzake wamemzunguka, nao watamwimbia mbele ya umma wimbo niliowapa mimi, na hatakuwa na mtu wake hata mmoja pale.

Najua sistahili kuomba. Je, ungeweza kwenda? Usifanye neno. Keti tu mahali ambapo atakuona.

Shemeji yako,
Elkana


Mtongwe
Jumapili, 13 Julai

Shemeji Elkana,

Salaam. Najua umekaa roho juu, kwa hivyo ya afya tuyaache, sote tu wazima.

Nilikwenda. Niliketi safu ya mbele kwenye kiti kilichoandikwa mgeni wa heshima. Kijana mmoja akanambia, "Bibi, hicho kina mwenyewe." Nikamwambia akija nitamsalimia.

Jukwaa lilikuwa tupu. Yale matawi yako kwa afisa, ni ushahidi. Watoto wamevaa leso za kijani, mikono juu, hao ndio mikoko. Kafedha katikati. Aliniona, lakini hanijui, akanipita na macho. Nikavua miwani nikampungia kama mwendawazimu, akashangaa, kisha akacheka kidogo. Basi akawa na mtu.

Nyimbo ni nzuri, nisikunyime haki yako. Ukafika ule wimbo. Mkata miti ni mtoto aitwaye Junaid, na panga la ubao. Watoto wakauanza, vidole wamevitayarisha. Walipofika kwa "mwanawe," Kafedha akashusha mikono. Mkoko haushushi mikono, hata mimi nilielewa kwamba hilo halimo. Mpiga ngoma akawacha.

Akasema, si kwa kuimba, kwa kusema tu, "Mkata miti, nani alikutuma?"

Junaid akalitazama panga lake. Akamtazama mwalimu aliyekuwa akiwaongoza, mwalimu akatazama sakafu. Mtoto akageuka akatutazama sisi.

"Ni mkutano wa wazazi," akasema. "Walinipigia makofi."

Watu wakacheka, maana kitoto kilisema kwa mbwembwe. Kisha kicheko kikakatika, safu moja baada ya nyengine, kama taa stima ikipotea mtaani. Bwana Nguma alikuwa amesimama kando na karatasi zake. Sikumtazama usoni, nilimuonea haya.

Kafedha akamwambia Junaid, "Basi waambie nao waje."

Akarudisha mikono juu. Wakaendelea na wimbo wa mwisho, na ule wa matusi hawakuurudia.

Shule imetolewa kwa kutoka nje ya andiko. Hakuna aliyelia. Wazazi walibaki uwanjani wamesimama tu, hata viti havijakusanywa, kila mmoja amngoja mwenziwe aanze. Mama mmoja wa Magongo aliyekuja kumtazama mpwa wake akauliza, "Kwani ni kweli?" Hapo ndipo baba yake Junaid akasema, "Ni kweli. Mimi nilipiga makofi kwa mikono miwili." Wakaanza kusema wote pamoja.

Leo baada ya alasiri Nguma alikuja hapa, mikono mitupu. Aliuliza Jumatatu aseme nini. Nikamwambia sijui, mimi si mwalimu. Lakini hakimu atamuuliza Katana swali lile lile, na safari hii ajibu asiyekuwa Katana. Akasema atakuja. Nimemuamini nusu.

Mimi nitasema alikata, kwa sababu alikata. Nitasema pia alitumwa, na waliomtuma ndio hawa waliojaa nyuma, mheshimiwa wahesabu mwenyewe. Kikundi chetu kimekubali jana: tutaomba asifungwe, arudi matopeni akapande, na wenzake wote pamoja naye, na wewe utashika ndoo ya miche maana kuinama huwezi.

Tukutane kesho kivukoni, upande wetu, feri ya saa moja. Wakija wengi, tutajaa benchi zote. Wakija wachache, tutakaa mbele.

Na Shemeji, ukiitwa kusema, usisimame wewe kwanza. Wewe wakikwambia keti, waketi. Niachie mimi nianze kusimama.

Shemejiyo,
Tima