Aloïs Asiombe Chai

Jumatatu, 11 Novemba
Aloïs anakuja Jumamosi! Mdogo wangu huyu hajakanyaga hapa miaka sita, tangu baba aniachie mimi mizabibu. "Mwanamke atatengeneza siki," alisema siku ya mazishi, padri akisikia. Ursule wa jirani ndiye aliyemlainisha — kwa maneno gani, siulizi. Nitampa jibini ya kuyeyusha, viazi, mvinyo wangu mweupe. Basi.

Jumatano, 13 Novemba
Nimeonja pipa. Siki.
Nimeonja tena, labda ulimi ndio mbovu. Siki — ya kutilia kachumbari! Aloïs atafurahi mno, na hilo ndilo silivumilii.
Maji hayawezekani. Maji baridi juu ya jibini ya moto hugeuka jiwe tumboni, hata watoto wanajua. Inabaki chai. Na anayeomba chai mezani kwa mwenye mizabibu ameshatoa hukumu. Akiomba chai, hatarudi tena.

Alhamisi, 14 Novemba
Ursule anasema nimwambie ukweli. Ursule hana kaka.
Nimeshuka mjini, kwenye duka wasikonijua. Mivinyo yote ya kwetu Valais Aloïs anaitambua kwa kunusa, na mkulima atamtaja. Kwa hiyo nimechukua chupa sita za Vaud. Za wapinzani wetu wa jimbo jirani! Baba angefufuka kuzimwaga. Nimezifunika taulo garini kama mtoto mchanga.
Karatasi za majina zimebanduka kwa maji ya moto. Moja imegoma. Chupa hiyo nimeificha ghalani chini, nyuma ya pipa.

Jumamosi, 16 Novemba
Amekuja na viatu vya kanisani, Ursule nyuma yake. Nikaweka nusu gurudumu la jibini mbele ya moto, nikaanza kukwangua iliyoyeyuka.
"Umenenepa, dada."
"Na wewe umepungua. Nywele."
Tulianza vizuri.
Nikammiminia ule wa Vaud. Akanusa glasi. Akaielekeza dirishani. Birika la tahadhari lilikuwa likitokota nyuma yangu. Nikalikinga kwa mgongo. Akanywa. Jibini ikapoa sahanini mwake — kwetu hiyo ni dhambi.
"Dada," akasema, "huu ni mkono wa baba. Watu wa Vaud hata kuuota hawawezi."
Ursule akapaliwa, akatoka nje.
Sahani kumi na moja amekula! Nimeshusha pumzi niliyoibana tangu Jumatano.

Jumapili, 17 Novemba
Amerudi mchana, bila kualikwa, glasi mbili mfukoni. Anataka kuonja kutoka kwenye pipa lenyewe. Nikasema chini kuna baridi. Akasema, "Kwani mimi nimetoka Afrika?" Akashuka.
Mimi nakata mkate. Yaani naandika, kisu pembeni.
Nimesikia bomba la pipa. Nimesikia akitema. Halafu kicheko kifupi, kama cha baba. Halafu hatua — zinazunguka nyuma ya pipa. Mungu wangu, ile chupa na karatasi yake!
Hatua zimesimama. Anasoma.
Kizibo kimetoka. Huyu hatembei bila kizibuo.
Anaita: "Dada! Njoo na jibini. Chai uliyonificha jana iache hukohuko juu."